Wakili Aliyekuja Kukaa

Kariakoo tuna kanuni moja: mteja asiyebishania bei ana lake jambo. Ama fedha si zake, ama hakuja kununua. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nauza nazi na madafu pale sokoni, na kwa kanuni hiyohiyo nikampima yule mgeni.

Alikuja kwa meli kutoka Afrika ya Magharibi, mwanasheria, Mwafrika mwenzetu, kavaa suti nzito kwenye joto letu. Aliletwa kwangu na wakili Mhindi mwenye ofisi karibu na Posta. Wakili huyo alikuwa anamtetea shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji alisimama sokoni akasema sheria mpya ya ushuru imetungwa na watu ambao hawajawahi kununua hata fungu la mchicha. Sokoni watu walicheka. Serikali haikucheka. Akashitakiwa kwa uchochezi, akawekwa ndani.

Mgeni akanywa dafu, akalipa bei niliyotaja. Bei yenyewe ilikuwa ya kutajwa tu, si ya kulipwa! Nikazihesabu senti mara mbili, zikatimia. Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

"Huyu ndiye atakayemtetea shemeji?" nikamuuliza wakili.

"Hapana. Hana ruhusa ya kusema katika mahakama za hapa."

"Sasa kaja kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa?"

"Atakaa mahakamani asikilize. Mawakili wenzetu wa nchi mbalimbali wamechangishana nauli."

Bahari yote ile, mtu aje kukalia benchi. Nilipomweleza dada, akasema labda mgeni ana moyo mzuri.

"Moyo mzuri haukatiwi tiketi ya meli," nikamjibu.

Jirani yangu, Mchaga mwenye duka la jumla, alikuwa na jibu lake. "Bwana wee, huyo ni jicho la serikali. Leo anakunywea dafu, kesho atakutaja."

Wasiwasi wetu ulikuwa na sababu. Hakimu, Mwingereza mkavu asiyecheka, alikuwa amekwishawaachia watu wawili wenye mashitaka kama ya shemeji kwa kukosa ushahidi. Ikasemekana wakubwa wa serikali wamekasirika, na kwamba akimwachia wa tatu atapelekwa bara, huko kwenye mbung'o. Kwa hiyo kifungo cha shemeji kilikuwa kinategemea hakimu anaipenda hewa ya bahari kiasi gani.

Siku ya kwanza mgeni alikaa benchi la mbele. Hakimu alipoingia, akainama. Mwendesha mashitaka akampa mkono. Wakati wa mapumziko nikawaona mgeni, wakili wetu na mwendesha mashitaka huyohuyo wakinywa chai, wanacheka.

"Tumeuzwa," nikamwambia dada. Sokoni ukiona wawili wanaogombea mzigo mmoja wanakunywa chai pamoja, ujue bei wameshapanga na wewe ndiwe mzigo.

Dada alijifuta macho kwa upindo wa khanga, nami nikajuta kusema kwa sauti.

Siku ya hukumu aliingia bwana mmoja wa wakubwa, akakaa nyuma kabisa, miguu kaitandaza kama yuko barazani kwake. Mgeni akageuka akamtazama, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha duka. Kisha akarudisha macho mbele, akatoa kalamu. Hakimu akainua kichwa, akawaona wote wawili.

Hapo ndipo nilipoikumbuka minada ya samaki. Dalali akibaki na rafiki yake tu, hunong'ona bei, akauza. Lakini asimame mtu baki, hata kama hana nia ya kununua, dalali atapaza sauti na kuirudia bei mpaka viziwi wasikie.

Hakimu alisoma polepole. Kila sababu aliitaja, akasubiri mkalimani, akaendelea. Yule bwana wa nyuma alikwishakunja miguu. Mwisho: ushahidi hautoshi, mshitakiwa aende zake. Dada alipiga kigelegele, askari akamfukuza nje, akaenda kukimalizia barabarani.

Hakimu alihamishiwa bara, kama ilivyosemwa. Mgeni alipanda meli yake. Mpaka leo sina hakika nauli ile ilitoka kwa nani hasa.

Baadaye akashitakiwa mpagazi mmoja wa bandarini, kosa lilelile, mbele ya hakimu mpya. Hakuwa ndugu yangu wala mteja wangu. Nikamwachia shemeji nazi, nikavaa kanzu safi, nikaenda kukaa benchi la mbele. Nilirudi jioni, Mchaga ananisubiri mlangoni kwake.

"Ulikuwa wapi?"

"Mahakamani. Nilikaa."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna."

Alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Kisha akalichukua kopo lake la fedha juu ya meza, akaliweka upande wa pili, mbali nami.