Mistari Miwili Juu ya Nyumba ya Mama Felista

Ramani ile ilinuka kama zizi la mbuzi. Ilikuwa karatasi kubwa kuliko meza yetu ya kulia, yenye harufu ya dawa iliyochoma pua, na kila Bwana Ambilikile alipoikunjua sebuleni mama alifungua dirisha, hata kama upepo wa Juni wa Ufipa ulikuwa unakata ngozi. Bwana Ambilikile alikuwa mpima ardhi kutoka Mbeya, aliyepanga chumba chetu cha uani katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati baba akiwa kazini Mpanda. Kutwa nzima aliburuta mnyororo wa kupimia katika mtaa wetu wa pembezoni mwa Sumbawanga, akichomeka vigingi kwenye matuta ya maharage. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Tulikuwa tumesikia habari za ndugu zetu wa upande wa Mwazye waliopakiwa kwenye malori na kushushwa katika kijiji kipya, na hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kuipima nyumba yako kwa nia njema tu.

Mimi nilipenda kuitazama ramani. Kila nyumba ilikuwa kiboksi, kisima kiduara, na hata choo chetu kilikuwepo. Mama hakupenda. “Huyu anajua mpaka tunapojisaidia,” alisema. Jioni moja kidole chake kilisimama juu ya kiboksi cha Mama Felista, jirani na shoga yake, aliyetwanga naye na kupika naye pombe ya ulezi. Mistari miwili ya nukta nukta ilikuwa imekikata katikati.

“Hii ni nini, bwana?”

“Barabara, mama. Ni mpango tu, huenda hata isijengwe.”

Maneno ya mwisho mama hakuyasikia, au hakuyaamini. Alijitanda kanga, akanishika mkono, tukaenda. Mama Felista alikuwa anapepeta ulezi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

“Umejuaje?”

“Nimeiona mezani kwangu.”

“Mezani kwako.” Alirudia taratibu. “Analala kwako, anakula kwako, na barabara inaruka nyumba yako inakuja kwangu.”

Mama alijitetea mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo wanawake kisimani walinyamaza tulipofika. Felista, niliyekaa naye dawati moja shuleni, alihamia nyuma. Nami, ambaye niliyasikia yote kwa masikio yangu, nikaanza kumshuku mama yangu mwenyewe. Nilichungulia minofu aliyomwekea mpangaji. Nilisikiliza anavyocheka naye, nikilinganisha na alivyocheka na baba.

Mama Felista hakungoja wamvunjie. Kabla ya mvua aliezua bati zake mwenyewe, akapakia milango na madirisha kwenye lori, akahamia kijiji cha Kate kwa kaka yake. Mama alisimama barabarani na kikapu cha viazi vya kuchemsha vya safari. Lori lilimpita bila kupunguza mwendo. Mpima ardhi naye alimaliza kazi yake akarudi Mbeya. Mvua zikaziyeyusha kuta za matofali mabichi, na barabara haikujengwa, mwaka ule wala mwaka wowote.

Siku hizi mpima ardhi akionekana mtaani kwetu, watu wanakimbilia kumtolea kiti na soda, wanamsihi awawekee mawe ya mpaka upesi. Anayeshukiwa sasa ni jirani anayesogeza ua. Wanangu wanaliona paa letu kwenye ramani ya simu, wanacheka, wanapita. Mwaka jana, mama alipofariki, Felista alikuja kunipa pole. Mama yake alikuwa ametangulia. Tuliketi tukiwa wageni kidogo, watu wazima wenye mvi, naye akatazama nje muda mrefu, pale palipokuwa kwao.

“Mama aliniuliza mpaka siku zake za mwisho kama ile barabara ilipita,” alisema.

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia ilipita.”