Jamvi Juu ya Mpaka wa Ireland

Habari niliipata kwa muuza nyama wa Stratford Road, kati ya kilo mbili za mbuzi na swali kama nataka na mifupa: dereva wetu wa safari za Ireland amefariki, na kazikwa jana. Kwao Unguja maiti hacheleweshwi, hata akifia Birmingham. Mimi huzima simu ili niandike vizuri, na wasomaji wangu mnajua jinsi isivyosaidia. Basi hata mazishi yakanipita.

Wengi hapa mtaani Sparkbrook walimjua kwa basi lake dogo jeupe. Kila kiangazi alikusanya Wazanzibari, Wakenya na Wakongo, akawavusha kwa feri hadi Belfast, akawaonyesha pwani ya kaskazini, kisha safari ikashuka kusini hadi Dublin. Kisiwa kimoja, nchi mbili: kaskazini ni ya Uingereza, kusini ni Ireland inayojitawala. Ruhusa ya kuishi Uingereza haikuruhusu kuingia ile ya pili, na mpakani hakuna kizuizi wala askari. Dalili pekee ni mstari wa kando ya barabara, mweupe huku, wa njano kule. Kabla rangi haijabadilika alisimamisha basi. Wenye paspoti nyekundu, ya Uingereza, waliendelea, mkewe kwenye usukani. Wasio nazo walibaki naye majanini, na maandazi na chupa za chai, hadi wenzao warudi.

Miaka minne iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliobaki. Nina digrii mbili, na paspoti nilikuwa nimeisahau mezani kwangu, mtaa wa Aston kule Birmingham. Tulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mkazi wa mtaa wa Bordesley Green, aliyekuwa akisubiri jibu la ombi lake la ukimbizi. Mdogo wake alipokelewa kama mkimbizi huko kusini, mji wa jirani na mpaka, naye hakuruhusiwa kuingia upande wetu. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Siku ile mdogo alikuja hadi mpakani, na dereva alitandika jamvi pale rangi inapobadilika, nusu huku, nusu kule, nao wakaketi kila mmoja kwake, wameshikana mikono.

“Yaya, umekonda hivi?” mdogo akauliza; kwao yaya ni dada mkubwa.

“Na wewe umenona! Wanakulisha nini huko?”

“Viazi, yaya. Viazi tu!”

Kisha mdogo akaomba: dakika kumi tu, yaya afike nyumbani awaone watoto. Mama akamtazama dereva. Mimi ndiye niliyejibu: “Nenda, dada. Mpaka gani huu? Nani atajua?” Nikavuka niwaonyeshe, nikasimama kule kama niko darasani.

“Profesa,” dereva akasema, “we ukikosea utaandika makala. Huyu akikosea anapakiwa ndege. Dada, kaa unywe chai.”

Mama akalia, lakini akakaa. Kikombe hakijaisha, gari la polisi wa kule likasimama. Afisa akasoma karatasi za mdogo, akazirudisha. Akalitazama jamvi, akaitazama miguu ya yaya iliyobaki upande wetu. Kisha akanigeukia mimi. Nilimpa kadi ya maktaba. Akanionyesha kwa kidole nilikotoka, nikarudi kinyumenyume huku wanawake wawili wamejiziba midomo kwa vitenge wasicheke. Makala niliyotabiriwa ndiyo hii. Mama alipata karatasi zake mwaka uliofuata, na watoto wale sasa wanamwita mama mkubwa.

Juzi nilikwenda kumpa pole mjane. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuuliza: marehemu alikuwa na paspoti nyekundu miaka yote ile, na Dublin hakufika hata mara moja. “Nilimwambia tubadilishane, japo siku moja,” alisema, akicheka na kufuta macho. “Akanambia, bibi we, kuendesha unajua. Kukaa na watu wenye hofu, niachie mimi.”

Siku ile nilijiona mkarimu, kumbe ukarimu wangu ungelipiwa na mtu mwingine. Yeye aliyeweza kwenda popote kisiwani alichagua kuketi pale safari ya mwenzake ilipoishia. Mwenye ruhusa ya kupita asikimbilie kupita. Ageuke kwanza aone nani anabaki, na siku nyingine abaki naye.