Shangazi Aliyezigeuza Taa Zikatazama Nyuma

Saa kumi na moja jioni. Shangazi amepiga magoti mbele ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, bisibisi ameiuma kwa meno, vidole vyote kumi vimo ndani ya taa ya bati iliyozeeka kuliko mwenye baiskeli. Anachomoa balbu ya halojeni, anaikodolea macho, kisha anaitupa koponi bila huruma.

"Hii imewatesa watu miaka mingi," anasema baada ya kutoa bisibisi mdomoni. "Unakanyaga pedali mpaka roho ikutoke, yenyewe inakupa mwanga wa sigara. Ukiteremka mlima, inaungua. Ukisimama njia panda, inazima. Taa gani hiyo?"

Kwenye benchi wamekaa wateja wanne wenye sare za buluu, wafuaji wa nguo wa hospitali iliyo ng'ambo ya reli. Zamu yao huanza saa mbili usiku, na wote huenda kazini kwa baiskeli. Anayecheka kuliko wote ni mdogo wake Shangazi, mjane mwenye watoto wanne.

Kila mtu humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi redio, hadi watu walipoacha kutengeneza redio wakaanza kuzitupa. Akahamia kwenye baiskeli, akaja na pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Mafundi wenzake walimcheka kwamba tairi haizibwi kwa risasi.

Mwaka jana mfuaji mmoja alitumbukia mtaroni akienda kazini, akavunjika mkono. Msimamizi wa zamu akabandika tangazo: baada ya siku thelathini, asiye na taa inayoonyesha njia hatua ishirini mbele atahamishiwa mchana. Wafuaji walikuwa thelathini na sita. Posho ya usiku ni theluthi ya mshahara wao, na taa mpya ilikuwa ikiuzwa kwa nusu ya mshahara huo.

Mdogo mtu alikuja karakanani siku hiyohiyo, macho mekundu.

"Dada, nikihamia mchana nimekwisha," alimwambia. "Mshahara ukipungua theluthi, na matumbo ya watoto yatapungua theluthi?"

Shangazi akajibu neno ambalo baadaye alilijutia: "Niachieni mimi. Taa zenu hizihizi nitazifufua."

Hesabu yake haikuwa mbaya. Bati la taa za zamani ni gumu, na dainamo haidai betri. Alitoa balbu ya halojeni, akaweka kitaa kidogo cha LED kinachotosheka na umeme kiduchu. Akaunga dayodi nne za kunyoosha umeme wa dainamo, na kapasita ya kuhifadhi akiba ili taa isizime baiskeli ikisimama. Vifaa hivyo aliving'oa kwenye mizoga ya redio zake.

Baiskeli sita za kwanza ziliwaka mpaka akajipongeza. Jioni hiyo zilipofika getini, mlinzi wa hospitali alijifunika uso kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume, akakalia ndoo ya maji.

"Nilidhani nimepofuka," anakumbuka mlinzi. "Nikasema, huyu mama ametutumia jua."

Ajabu ni kwamba barabara yenyewe ilibaki kiza. Msimamizi akazikataa zote sita. "Mama, taa zako zinamulika macho ya watu," alisema. "Njia je?"

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mtaani akapewa jina la Fundi Upofu. "Mchana nilicheka nao," anasema Shangazi. "Nyumbani nililia. Si kwa aibu. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu, naye alikuwa ameniamini."

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku ya pili asubuhi, umeme ukiwa umekatika, mumewe alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Kurunzi alikuwa ameielekeza kwenye kioo, na mwanga ukarudi kutoka kiooni ukamjaa uso mzima. Shangazi akapiga ukelele mlangoni.

"Mzee, usitikisike hapo!"

"Mke wangu, nina povu nusu uso!"

"Kaa hivyohivyo!"

"Nilikaa mpaka povu likakauka," anasema mumewe, karani mstaafu. "Yeye alikuwa anatazama kioo. Mimi hata hakuniona."

Ndani ya taa ya zamani mna bakuli la bati linalong'aa, na kazi yake ni kuupokea mwanga na kuutupa barabarani. LED ya Shangazi ilikuwa imeligeuzia bakuli hilo mgongo. Alikuwa ameielekeza mbele, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kumbe ilitakiwa itazame nyuma.

Akaigeuza. Akaishikiza kwenye kipande chembamba cha shaba, akafunga madirisha ya stoo, akachora mstari wa chaki ukutani. Mwanga ukatulia chini ya mstari, mpana na mweupe, juu yake giza tupu. Shangazi alicheza peke yake mle stoo, naye hasemi uongo kwamba hakucheza.

Kwa siku tisa zilizobaki, mumewe alifungua skrubu, mdogo wake alisugua kutu, yeye alichoma risasi. Jioni ya ukaguzi, msimamizi aliweka tofali barabarani, akawa analihamisha kwa kila anayekuja. Mmoja baada ya mwingine wakalikwepa. Mlinzi naye aliulizwa habari za macho yake.

"Mazima!" alijibu. "Na viatu vyao naviona mpaka kamba!"

Wa thelathini na sita alikuwa mdogo wake Shangazi. Hakulikwepa tofali. Alisimama mbele yake, taa ikiendelea kuwaka, akashuka, akaliokota, akamkabidhi msimamizi.

"Bosi, tofali lako hili."

Geti zima lilishangilia. Tangazo likabanduliwa kesho yake.

Tangu hapo Shangazi amegeuza taa mia mbili na arobaini, kila moja kwa bei ya kilo mbili za sukari. Sasa amekodi chumba cha pili awafundishe wengine. Siku ya kwanza, anasema, wanafunzi wataiweka LED ikitazama mbele, kisha watasimama mbele yake wenyewe wachomwe macho, ndipo waanze kusoma.

Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Ni mdogo wake.

"Nilihangaika abaki zamu ya usiku," anasema Shangazi, akimkazia macho pale benchini. "Sasa nahangaika atoke. Mwakani huyu hafui shuka la mtu. Atakuwa fundi, na jioni atakula na wanawe."

Mdogo mtu hacheki tena. Anajifuta macho kwa mkono wa sare, halafu anamgeukia mwandishi wa habari hii.

"Andika hivyo hivyo alivyosema," anasema. "Andika na tarehe."