Maneno Niliyoyaruka Kiegeani

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, na jambo la kwanza nililolifanya kazini ni kujificha nyuma ya mlango. Nalisema hili mapema kwa sababu ninyi wadogo zangu mtakaoshika kazi hii likizo zijazo mtaambiwa kuwa mkalimani aliyewatangulia alikuwa msichana jasiri. Hakuwa. Nilikuwa kidato cha tatu, Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, na sauti yangu ilikuwa haivuki dawati la pili. Mwalimu wa Kiingereza alinipendekeza kwa ajili ya insha zangu. Kuandika naweza; shajara naandika kila jioni tangu darasa la sita. Kusema ndiyo shughuli.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Utende, hapa hapa kisiwani, kwenye ofisi wanayojiandikishia wageni wanaoingia eneo la hifadhi ya bahari. Mkubwa wangu pale alikuwa Afisa Mapokezi, baba mpole ambaye hakosi kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Alinikuta nyuma ya ule mlango.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Huko hakuna wageni, binti. Wageni wako upande huu."

Alinifundisha istilahi mbili. Ukalimani wa kufuatia ni pale mgeni anaposema, ananyamaza, ndipo nawe unasema. Ukalimani wa kunong'oneza ni kumsemea mtu sikioni huku mwingine anaendelea na maneno yake. Kisha akaniambia: "Mtalii aliyeshuka garini na jua hili hataki hotuba. Mpe kiini. Makapi mwachie mwenye nayo." Kwa pale Utende ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Nami niliupenda kupita kiasi, maana mtu mwenye haya hupenda kiini. Kiini ni kifupi.

Siku ya nne nikahamishiwa Kiegeani, kijijini tunakoishi. Mama yangu ni nesi wa zahanati pale. Tumetoka bara, na ndiyo maana akina mama wananiita binti nesi, hata wanaolijua jina langu. Huko alikuwa amefika Mtaalamu wa mwani kutoka Korea, mama wa miaka arobaini na kitu, kofia pana, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Mwani wa kikundi cha wanawake ulikuwa unakufa kwa joto. Unageuka mweupe kama mfupa, unakatika, unakwenda na maji. Mtaalamu alikuja kuwafundisha kuupanda kwenye kina kirefu kidogo, jua lisikoufikia vizuri, na alikuwa ameshafunga kamba zake chache za majaribio pembeni ya zao.

Kikorea chake sikukijua, Kiswahili hakukijua, tukabaki na Kiingereza katikati. Chake alikipata kwenye kitabu cha misemo kilichochapwa kwao, kila msemo na picha yake na maelezo kwa herufi zao zinazofanana na vijumba. Jioni alikuwa akija barazani kwetu na kitabu hicho kuniuliza. Siku moja akanionyesha picha ya paka na mbwa wanaanguka kutoka mawinguni. Nikamweleza kuwa Waingereza husema hivyo mvua ikiwa kubwa, ila mimi sijawahi kumsikia mtu akiusema kwa mdomo, nimeukuta kwenye mtihani tu.

"Na ninyi mnasemaje?"

"Mvua kubwa."

Niliona amesikitika kidogo. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kipande cha keki, yaani jambo jepesi. Akasema kwao jambo jepesi ni kula keki ya mchele huku umejilaza. Nikamwambia sisi husema ni kama kumsukuma mlevi. Alicheka mpaka akavua miwani, akaomba nimtamkie mara tatu, akaandika. Nilimfundisha na mengine: kwamba mtu akiinuka akasema "nakuja" ndiyo kwanza anaondoka, kwamba ukikutwa unakula lazima useme "karibu" hata kama sahani ina tonge moja, na aliyekaribishwa atajibu ameshiba, na nyote mnajua. Akatikisa kichwa. "Hata kwetu," akasema. Ningekuwa makini ningeshtuka palepale.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi yenyewe. Siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, akina mama huingia majini kufunga mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi. Vijikamba vidogo vinavyoshika kila kishada huitwa taitai. Siku za maji mafu, bahari isipotoka vya kutosha, hukaa bandani kuandaa mbegu. Mimi wakati wote nilisimama pakavu, daftari mkononi. Kila asubuhi Mtaalamu alianza kwa maneno yaleyale mawili kabla hajagusa kamba. La kwanza, kwa Kiingereza chake, lilikuwa kama kusema "mnateseka sana". La pili, "mmekula?"

Yote mawili niliyaruka. Sababu nilikuwa nazo. Kumwambia mama aliyeinama majini tangu asubuhi kwamba anateseka niliona ni kejeli. Na kuuliza watu wazima mbele ya wenzao kama wamekula, katika mwezi ambao mwani umekufa, niliona ni kuwavua nguo. Basi Mtaalamu akisema maneno kumi na tano, mimi natoa manne: "Anasema kamba zisogezwe mbele." Jioni naandika kwenye shajara yote niliyoyaacha, neno kwa neno, kama mtu anayetubu kwa karatasi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mkubwa wangu wa tatu, Bi Mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka sitini mwenye mikono migumu kama kasia, alikuwa hamwangalii Mtaalamu usoni. Jumatatu ya wiki ya nne nilikuwa nyuma ya banda nakung'uta mchanga kwenye sketi, nikawasikia.

"Mgeni gani huyu hana salamu," alisema Bi Zuhura, yule asiyepitwa na utani. "Anakuja kama mkaguzi. Sogeza kamba, vuta kamba. Hata mbuzi huambiwa 'haya' kwanza."

"Asiyekupa pole anakuona kigingi," akasema Bi Mwenyekiti. "Alhamisi tukae kikao. Kamba zake azing'oe mwenyewe, akafunge kisiwa cha pili, Chole, wanakomtaka."

"Na mwani wetu?"

"Ufe tukiwa na heshima zetu."

Nilikaa pale mpaka walipoondoka. Zile kamba zake nilikuwa nimeziona asubuhi ileile. Mwani wake ulikuwa wa kahawia, mnene, haujakatika hata kishada.

Jumanne jioni Mtaalamu alikuja bila kitabu. Akaniuliza mbona akina mama hawamjibu. Kila siku anawapa yale maneno mawili, kila siku wananyamaza, amekosea nini? Nikamuuliza maneno yale kwao yana maana gani. Akaeleza kuwa kwao humwachi mtu aliyefanya kazi, awe mwalimu wako au dereva wa basi, bila kumwambia kwamba ametaabika. Usiposema, watu watauliza umelelewa na nani. Na "umekula?" si swali la chakula. Bibi yake alikulia enzi za njaa, na watu wa enzi hizo walijuliana hali hivyo. Mpaka leo ni salamu. Kitabu chake hakikuwa na Kiingereza cha maneno hayo, ndiyo maana aliyatafsiri mwenyewe.

Lile la kwanza lilikuwa "poleni na kazi". La pili lilikuwa "hamjambo, mmeamkaje". Maneno ambayo mtoto wa miaka mitatu wa Kiegeani anayajua. Yalitoka Korea mazima na kwa Kiswahili yalikuwapo mazima, yakapotelea kwangu.

Sikumwambia usiku ule. Nilidhani naweza kurekebisha kimyakimya. Jumatano asubuhi, Mtaalamu aliposema neno lake, nikapaza sauti mpaka ikakatika: "Mtaalamu anasema poleni na kazi!"

Akina mama wakainua vichwa.

"Haa," akasema Bi Zuhura. "Leo kazi ina pole. Nani kamfundisha, binti nesi?"

"Hajafundishwa, bibi."

"Wiki tatu bubu, kesho kikao, leo kapata ulimi." Wakacheka.

Bi Mwenyekiti hakucheka. "Pole ya kuombea kura hiyo. Haimpozi mtu."

Nikaona nimeongeza kuni. Jioni nikamwambia Mtaalamu kila kitu, nikamsomea shajara kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza akiangalia miguu yake. Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema: kesho nitawaambia mimi ndiye niliyekosa adabu. Mimi ni mgeni, nitaondoka. Wewe na mama yako mnabaki hapa.

Nilitaka sana kukubali. Naandika hili kwa sababu nimeahidi ukweli. Nilimwitikia, nikaenda kulala, na nikalala vizuri.

Alhamisi baada ya alasiri tulikaa mkekani bandani, akina mama kumi na wanane, Mtaalamu na mimi. Bi Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, akasema mgeni kama ana neno aseme. Mtaalamu akasimama, akainama mpaka kofia ikamdondoka, akaanza: nimewakosea, nimekaa nanyi bila kuwapa heshima. Akanyamaza kunipisha.

Hapo ndipo mkalimani anapotakiwa kusema alichosema mwenzake. Na alichosema kilikuwa uongo wa kunikinga mimi.

Sauti haikutoka. Bi Zuhura akasema, "Binti nesi, neno limekukaba?"

"Anasema," nikasema, "amewakosea, hakuwapa heshima." Nikaongeza: "Lakini si kweli. Heshima alizitoa kila siku. Nilizila mimi."

Sikuweza kuendelea kwa kichwa, nikafungua shajara nikasoma huku macho yangu yakiwa humo humo. Siku ya kwanza alisema poleni na kazi, sikusema. Siku ya pili alisema maji haya yana baridi, akina mama wafunge migongo wasije wakaugua. Nikasema kamba zisogezwe. Jumamosi alimwona Bi Zuhura anachechemea, akauliza mguu umekuwaje, kama anaweza kumletea dawa ya kuchua. Nikasema anauliza mmebakiza taitai ngapi. Nilisoma kurasa tisa. Mahali fulani katikati niligundua kwamba wanaokaa mkeka wa nyuma wananisikia, kwa sababu mmoja alisema "astaghfirullah" kabla sijamaliza sentensi.

Nilipofunga daftari, Bi Mwenyekiti aliuliza, "Kwa hiyo wiki tatu tumemnunia mtu asiye na kosa?"

"Ndiyo, bibi. Wa kununiwa ni mimi."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilikuwa naona haya kusema maneno mengi. Na mengine niliona yatawaudhi."

"Wewe ndiye wa kuamua kipi kituudhi?"

"Hapana, bibi."

Bi Zuhura akajishika mguu. "Kumbe kuna dawa ya kuchua hapa duniani, miye nalala na maumivu. Mwenyekiti, tumng'oe binti nesi, kamba tuziache."

Kicheko kilianzia kwake kikaenda mpaka mkeka wa nyuma. Mtaalamu alinitazama, hajui kumetokea nini, nami nikamnong'oneza yote, hata lile la kuning'oa. Bi Mwenyekiti alingoja nimalize. Kisha akamgeukia yeye mwenyewe, si mimi, akamwambia polepole, "Mgeni. Pole na kazi." Mtaalamu akajibu kwa Kikorea, akainama tena. Hakuna aliyeniomba tafsiri.

Wakapiga kura kwa mikono. Kamba zikabaki, na kila mwenye shamba akakubali kuhamishia kamba mbili kwenye kina. Nikadhani nimeachiliwa.

"Ama weye," Bi Mwenyekiti akaniambia tukikunja mikeka, "ukalimani umekwisha. Shule unafungua Jumatatu, na huyu mgeni nitamzoesha mwenyewe kwa vidole. Lakini kesho maji yakipwa uje. Umesimama pakavu mwezi mzima. Uje uone hiyo kazi inayopewa pole."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Mama alinisikiliza jioni ile, akasema angenichapa kama nisingekuwa nimeshajichapa, akanipakulia wali. Mwalimu wa Kiingereza nitamweleza Jumatatu, na sijui atasemaje. Kwenu mtakaonifuata nina machache. Istilahi mtazipata kwa wakubwa wenu. Misemo ya Kiingereza ya paka na keki mtaipata kitabuni, na isipopatikana hakuna atakayeumia. Yanayoumiza ni yale maneno madogo ya kufungulia kinywa ambayo mtu hayafikirii, yale yanayofanana hata ukivuka bahari mbili. Hayo msiyapunguze. Ukiona haya, sema huku unaona haya. Sauti yangu ilitetemeka kurasa tisa nzima na walisikia kila neno. Na usilolielewa, muulize aliyelisema kabla hujaamua ni makapi. Ningeuliza siku ya kwanza Kiegeani, ingenichukua dakika mbili.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, nilikunja sketi nikaingia majini mpaka magotini, halafu mapajani. Maji yalikuwa na baridi kweli. Bi Mwenyekiti alinipa kamba na fungu la taitai, akanionyesha fundo mara moja. Nilifunga vishada thelathini na tisa. Akapita akivuta kimoja kimoja. Kumi na moja vikafunguka mkononi mwake. Alinirudishia, akaenda kwenye kamba yake, nami nikainama nikavifunga upya.