Mashua ya Solange

Selotepu ya kufungia mizigo ikivutwa, krrrr, mpaka leo nashtuka kama mtu aliyeitwa jina. Chumba chetu cha Xiaobei, mjini Guangzhou, China, miaka ile biashara imepamba moto, kilinuka magunia na jinzi mpya. Mama alinunua nguo, tukazifunga belo, zikaenda kwa meli hadi Dar kwa shangazi. Kazi yangu ilikuwa kuvuta selotepu. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi, nisiwadanganye.

Solange, binti wa jirani yetu Mkongo, alikuja kila Jumamosi kutusimulia habari za kijiji cha mama yake, huko ufukweni kaskazini mwa Ufaransa. Mchanga ulilifukia kanisa lao la kwanza, wakajenga jingine juu zaidi. Vita vikaja, askari wakawafukuza. Waliporudi walikuta nyumba hazina mapaa. Wanaume walikwenda kuvua kwenye bahari ya barafu, na aliyeokoka dhoruba alichonga mashua ndogo, akaitundika kwenye dari ya kanisa.

"Ziko ngapi?" Mama aliuliza, sindano ya magunia imesimama hewani.

"Nyingi, Maman Asha. Za wote waliorudi."

Mimi sindano ile haikuwahi kunisimamia. Mimi niliambiwa, "Shika hapa. Kaza." Niseme haki, Solange hakuwa na maringo. Mkate wake alinikatia kila mara. Hilo ndilo lililozidi kuniuma.

Siku moja alileta mashua iliyochongwa na babu yake, ndogo kama kiatu changu. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Unaona mwenzio anavyokujua kwao? Wewe ukiulizwa kwenu, utasema wapi?"

"Xiaobei," nikasema.

Wakacheka wote wawili. Labda hawakucheka kwa ubaya. Lakini walipokwenda kumimina chai niliisukuma mashua katikati ya jinzi, na Mama mwenyewe, kwa mkono wake, akalishona lile belo.

Solange alitafuta hadi chini ya kitanda. "Asha, umeiona?"

"Meiyou," nikamjibu, vile wenye maduka walivyotujibu sisi kutwa: hakuna. Hakulia. Haukupita muda, wakahama.

Nilipokuwa mtu mzima nikarudi Dar, nikaingia dukani kwa shangazi, Kariakoo. Mashua ilining'inia darini kwa uzi.

"Hiyo ilikuwa kwenye mzigo wa mama yako," akasema. "Meli ilichelewa, mwanangu, tukajua ndiyo basi tena. Mzigo ulipofika salama, nikaitundika."

Hapo ndipo nilipoelewa sindano ilisimama kwa nini. Kila alichokuwa nacho Mama kilikuwa baharini. Hakumpenda Solange kuliko mimi. Alitaka kusikia tu kwamba wapo waliorudi. Au labda alimpenda pia. Sijui, sikuwahi kumuuliza.

Mashua ninayo. Ningeirudisha kwao, lakini jina la kijiji silijui. Solange alianza nalo kila Jumamosi, na kila alipofungua mdomo kulitaja, mimi nilivuta selotepu.