"Ee" Niliyoiandika Vibaya

Mwanangu, nivumilie kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole. Lakini nimesikia umechaguliwa katibu wa kamati ya barabara kijijini, nikaona nisikae kimya.

Nakumbuka siku moja, miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Ngarenaro kule mjini yakajaa redio na mitumba, na huku kwetu magharibi mwa mlima Meru wakaanza kuja watu wa miradi. Mtaalamu mmoja alituletea habari ya bomba la maji. Nilikuwa kijana mwenye haya, ila Kiswahili nilikijua kuliko wengi, hivyo nikapewa kazi ya kutafsiri na kuandika daftari la mkutano.

Alisema bomba litakaa kando ya barabara, gari lifike kwa urahisi. Nikatafsiri. Kila nilipovuta pumzi, wazee na akina mama waliitikia, "Ee."

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Wanasema ee."

"Safi. Andika wamekubali."

Nikaandika. Na nilijua, mwanangu. Kwetu mtu akizungumza unaitikia "ee" ili ajue unamsikia. Kukubali kuna maneno yake, na siku ile hayakusemwa. Lakini kumkatiza mgeni mwenye kalamu tatu mfukoni niliona aibu.

Bomba likajengwa. Barabara ile ndiyo njia ya ng'ombe kwenda joshoni. Kiangazi kilipofika wakanusa maji, wakasukumana mpaka bomba likang'oka. Akina mama wakarudi kuteka korongoni, akiwemo mama yangu, Yeyo, na mgongo wake mbovu.

Jioni moja alitua ndoo, akaniambia nimsomee daftari.

"Wamekubali," nikasoma.

"Nani?"

"Hata wewe, Yeyo. Ulisema ee."

"Nilisema ee ajue nina masikio. Yeye mgeni, hakujua. Wewe nimekuzaa mimi." Akanyoosha mgongo taratibu. "Basi ndoo utabeba wewe, mpaka siku utakapoongea."

Nikabeba. Wenzangu wakawa wananiamkia njiani, "Shikamoo, mama."

Mtaalamu aliporudi kuona uharibifu, nilimweleza yote, kwa sauti ndogo. Akaufuta mwenyewe ule mstari wa "wamekubali" daftarini, akawaomba akina mama wamwonyeshe pa kujenga. Wakampeleka juu ya shule, mbali na njia ya mifugo. Bomba lipo hapo hadi leo.

Mwanangu, watu wa barabara wakija na ramani yao, usiandike neno kabla hujamuuliza kila mtu, "Wewe unaonaje?" Anza na wanaobeba mizigo. Anayenyamaza usimwandikie jibu. Na haya ikikubana, sema hivyohivyo, hata kwa sauti ndogo.

Mungu akupe masikio mapana na mkono usioharakisha, na barabara yenu iwafikishe salama.

Baada ya mkutano wa kwanza niandikie, hata ukurasa mmoja. Usiniambie tu kwamba wamekubali. Niambie nani alikataa, na alisema nini.