Marehemu Wote wa Kasongo Ni Malaika

Magloire, mwalimu mstaafu wa Kasongo, amesoma maisha ya watu mashuhuri kumi na mmoja, vitabu vya kuazima kwa mapadri. Humo amekuta jemadari aliyeogopa kuku, mshairi mlevi, na malkia aliyewapiga wapishi kwa mwiko. Ndiyo maana anawapenda: ni watu.

Kosa lake lilikuwa kusoma hadharani. Mtaa ukampa kazi ya kuandika na kusoma historia ya marehemu kwenye kila kilio. Na marehemu wa Kasongo hana historia, ana sifa tu: alipenda wote, hakugombana na mtu, aliitika mwito wa Bwana. Ukibadilisha jina, karatasi moja inatosha kuzika mji mzima.

Kisha akafa mdogo wake, Christophe seremala. Magloire akaapa: huyu atasomwa jinsi alivyokuwa. Dada yao Albertine akaziona kurasa.

"Yaya," akamwita kaka yake, "hii ya mulango, toa."

"Ndiyo Christophe mwenyewe!"

"Andika alikuwa mutu ya amani."

"Amani? Christophe?"

"Sasa si iko na amani?"

Siku ya maziko akaanza na karatasi aliyoitaka Albertine. Alipofika "alipenda wote," watu wakapiga miayo. Hasira zikampanda, akachomoa zile kurasa zake mfukoni.

"Katekista Zéphirin alisema mlango wa kapela, kazi ya Christophe, umepinda. Christophe akaung'oa, akaufunga kwenye baiskeli, akaupeleka mbali, hadi kijiji cha Wamaza. Msimu mzima wa mvua, mbuzi walihudhuria misa zaidi kuliko Wakristo."

Kicheko kikalipuka, hadi waombolezaji wakashika matumbo.

"Na ulikuwa umepinda kweli!" Zéphirin akapaza sauti.

Mjane Emilienne akajifuta macho. "Ndiye huyo. Ndiye bwana yangu."

Magloire akajiona ameshinda. Lakini kabla sahani ya maharage haijamfikia, Zéphirin akamvuta shati.

"Mwalimu, ilikuwa tamu. Ila mimi, siku yangu ikifika, weka nilipenda wote."

Nyuma yake palikuwa na foleni. Hata Emilienne: "Shemeji, yangu usiiguse."

Juma lililofuata akafa mzee Fadhili, na karatasi akapewa Pitchou, muuza vocha, ambaye hajafungua kitabu tangu aache shule.

"Marehemu alipenda wote," Pitchou akasoma.

Magloire, jirani wa Fadhili miaka arobaini, akageuza shingo huku na huku, akitafuta walau mmoja aliyependwa.